Kosa Nililirusha, Kulidaka Nikasahau

Leo nimeumbuka mbele ya mama mkwe. Tena kwa maandishi makubwa, ukutani.

(Mkwe mtarajiwa. Barua ya posa alishaipokea, na jibu alisema atanipa leo. Kumbukeni hilo.)

Mama Neema, mama wa binti ninayemposa, ni mfinyanzi wa Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa. Nilijitolea kumtengenezea tovuti ya kuuzia vyungu, yeye na wenzake, ili aone kwamba kijana wa kompyuta naye anafaa kuoa. Sasa, vyungu vya Ikombe vinatoka kwa mtumbwi. Ziwa likichafuka, hakuna mzigo. Kwa hiyo nikaunda kwenye PHP, lugha ya kuandikia programu, kosa langu maalumu: ziwa likichafuka, programu inalirusha, mbele kidogo inalidaka na kumwambia mteja kwa adabu asubiri.

Kosa lilihitaji jina. Nikaliita MamaMkweKanuna. (Nani angeona? Nilikuwa peke yangu!)

Asubuhi akina mama wamejaa ofisini kwangu hapa Bondeni. Waliingia mjini jana wakalala kwa ndugu. Projekta inawaka. Mama Neema kaketi mbele na kitenge kipya, anawaambia wenzake, "Huyu ndiye kijana wa Neema."

Wa Neema! Nikavimba kichwa papo hapo.

"Mama, hebu agiza chungu wewe mwenyewe."

"Ndaga, asante mwanangu." Akabonyeza.

Kumbe kule Ikombe mwenye mtumbwi alishaweka alama kwenye simu kwamba ziwa limechafuka. Programu ikarusha kosa. Ikarusha vizuri kabisa! Kudaka ndiko nilikosahau kuandika. Ukuta mzima ukasomeka:

Fatal error: Uncaught MamaMkweKanuna: Kanuna tena huyu. Mzigo hautoki mpaka atulie.

Mama mmoja akalisoma kwa sauti, taratibu, kama somo la kanisani.

"Mama mkwe gani?" akauliza Mama Neema.

"Ni... ni ziwa, mama."

"Mimi ni ziwa?"

Wenzake wakaangua kicheko, mmoja mpaka kilemba kikamdondoka. Yeye hakucheka. Akafunga kitenge vizuri, akaelekea mlangoni.

"Na ile barua, mama?" (Ndiyo, niliuliza. Sijui nani kaniroga.)

Akageuka. "Si umeshaandika hapo? Mzigo hautoki mpaka nitulie."

Sehemu ya kudaka nimeshaiongeza. Naombeni msicheke, nina hali mbaya. Ziwa limetulia tangu mchana. Mama bado.