Vita vya Mfuko wa Sunniva

Sogeeni, enyi mliowahi kubembeleza mtoto asiyelala, niwasimulie ushindi ambao mji wa Røros haujaujengea mnara hata leo, kwa uzembe tu. Shujaa wake ni mimi, Torgeir mwana wa Asbjørn, simba wa sebuleni, mtikisa chupa za maziwa, niliyeachiwa binti yangu Sunniva wa miezi tisa mke wangu aliporudi kazini.

Kwetu mtoto hulala mchana nje, barazani, ndani ya kigari chake, theluji imemzunguka, na ngao yake ni mfuko mnene wa manyoya unaomfunika toka nyayo hadi kidevu. Sunniva alikuwa ameuzidi mfuko wake, akagoma kulala siku tatu mfululizo. Mama mkwe, Gunnvor, akapiga simu: atakuja Ijumaa, na akikuta mtoto bado hataki kulala, atahamia kwetu mpaka theluji iyeyuke. Niliogopa, sifichi.

Jumatano nikaliteka duka la vitu vya watoto. Nikamvua binti makoti asitoke jasho, nikamlaza katika mfuko wa buluu, ukamkaa vizuri ajabu. Nikaununua, nikarudi kifua mbele. Nyumbani nikamvika sufu, na juu ya sufu suti ya baridi. Zipu ikapanda hadi kitovuni, ikakataa katakata. Mimi, mzaliwa wa Røros, nilikuwa nimempima mtoto wa baridi ya Januari kwa nguo za joto la Julai.

Alhamisi nikarejea dukani na kigari, na binti kavaa kila kitu.

“Ewe mlinzi wa rafu!” nikamwambia muuzaji, Eldbjørg. “Nimemleta binti yangu na silaha zake zote, na sitatoka humu bila mfuko utakaomsitiri!”

“Wewe si yule wa jana, kaka? Haya, mlaze upesi kabla hajaiva.”

Mfuko wa kwanza, matundu ya kupitishia mikanda ya kigari yalimfika masikioni. Wa pili ulikuwa na nafasi yake na ya binamu zake wote. Akazama hadi puani. Wa tatu, wa kijivu, usio na urembo wowote, mikanda ilitokea mabegani pake barabara, zipu ikafika kidevuni, na chini ya miguu ikabaki nafasi ya kiganja kimoja. Kufikia hapo nilikuwa nimelowa jasho kuliko mtoto.

Ijumaa Gunnvor alifika, akapita moja kwa moja hadi barazani, akavua glovu, akaupenyeza mkono shingoni mwa mjukuu wake aliyelala. Nilisimama mlangoni na soksi miguuni, bila viatu.

“Ana joto la kutosha,” akasema. Akaipapasa mikanda, akaibonyeza ile nafasi ya miguuni. “Siyo mbaya, baba Sunniva.”

Maneno hayo alimpa mumewe mara moja tu, siku ya mazishi yake.

Akanywa kahawa, akavaa viatu, akaenda kwake. Sunniva alilala kwa muda wa saa mbili na dakika kumi. Nami, machozi yakinilenga, nikaitia siku hiyo katika tarehe kuu za taifa, yaani kalenda ya jikoni, kati ya zamu ya kutoa taka na miadi ya daktari wa meno: Amelala.