Mnara wa Buluu Wenye Kamba Tisa

Wizara inapenda kuutangazia umma kwamba kuanzia sasa hakuna mtoto atakayefikisha miaka minane bila kuujua Mnara wa Taifa. Tangazo hilo lilitoka miaka kumi na minne iliyopita, na ndilo lililomweka kazini Bi Mwongozo, Afisa wa Kitengo cha Kuwajuza Watoto Alama za Taifa. Jina lake la kuzaliwa halikumbukwi hata na mashemeji zake.

Kulikuwa na dosari ndogo tu. Wiki ile ile mnara ulifunikwa turubai la buluu ili ukarabatiwe. Fundi akaenda kuchukua misumari, na mpaka leo hajarudi. Kamati ikaketi siku tatu, ikanywa chai ya kutosha, ikaamua kwa kauli moja: mtoto asifundishwe asichokiona. Waziri akakitia sahihi kitabu cha mwongozo bila kukisoma, kama wafanyavyo watu wenye shughuli nyingi.

Basi Bi Mwongozo akafundisha alichokabidhiwa. Kila asubuhi aliwapanga watoto wawili wawili mbele ya turubai.

"Mnara wetu una rangi gani?"

"Buluu, bibi."

"Umeshikiliwa na nini?"

"Kamba tisa za umoja."

"Na upepo ukivuma?"

"Unapumua."

Aliipenda kazi yake, na watoto aliwapenda zaidi. Lakini alibakiza miezi mitano astaafu, na cheo cha Mkuu wa Kitengo, pamoja na kiti chake cha kuzunguka, kilikuwa kikimpita kila mwaka. Ndipo Katibu wa Waziri akaja kumwambia bila kumung'unya maneno, "Mama, Mheshimiwa anakuja kuwasikiliza watoto wako. Wakijibu vizuri, kiti ni chako. Wakichemsha, utastaafia stoo."

Siku ilipofika, Waziri alishuka kwenye gari, akapita juu ya zulia, akaenda moja kwa moja kwenye kamba ya kwanza na kuanza kuifungua. Bi Mwongozo hakuwa na habari. Barua ya kumjulisha kwamba turubai linaondolewa ilikuwa bado inatafuta muhuri wa tatu.

"Wajukuu zangu," Waziri akasema, "leo nawaonyesha mnara wenu."

Akavuta. Turubai likaporomoka, vumbi likatimka. Ikabaki nguzo ya kijivu, fupi kuliko watu walivyodhani, na kunguru wawili waliokasirika. Msichana mwenye pengo akaanza kulia.

"Babu, umeuvunja."

"Sijavunja kitu, mjukuu wangu. Mnara ndio huu."

"Huo si mnara. Mnara ni wa buluu."

"Buluu!" wakaitikia wenzake arobaini. "Kamba tisa!"

Katibu akamkodolea macho Bi Mwongozo. Njia ilikuwa moja tu: awaambie watoto kwamba wamekosea, na kiti akipate. Akawatazama. Hakuna aliyekuwa amekosea hata jibu moja, na wengine walikuwa wanafuta machozi kwa mikono ya mashati. Akaona uchungu, kisha akaona hasira. Akafungua kitabu cha mwongozo na kusoma kwa sauti ya kazini.

"Kifungu cha nne. Alama ya Taifa ni ile inayoonekana. Atakayeishusha, kuikunja au kuiburuta chini atakamatwa papo hapo, bila kujali cheo chake." Akafunua ukurasa. "Sahihi ni yako, Mheshimiwa."

Waziri akacheka. Akatazama huku na huku apate wa kucheka naye, asimpate.

Askari wa zamu akasogea. Alikuwa kijana, mmoja wa kundi la kwanza kabisa la Bi Mwongozo, na macho yake yalikuwa mekundu. Akaliokota turubai kwa heshima, akalikung'uta vumbi, akampa msichana mwenye pengo alishike. Kisha akamgeukia Waziri.

"Samahani, mzee. Tuongozane kituoni."

"Kijana, unanijua mimi ni nani?"

"Hapana, mzee," askari akasema. "Sisi tulifundishwa mnara tu."