Mechi ya Kurudisha Imani

Jumatatu, 4 Machi

Nimeitwa na Mkuu wa shule yetu ya kimataifa hapa Addis. Nilidhani napandishwa cheo, nikavaa tai. Kumbe! Wazazi wamechachamaa. Wamesikia kwa watoto wao, mezani, mkate wa injera ukiwa mdomoni, kwamba tumefuta masomo ya Kiamhari. Sisi hatukuwaambia. Tulitumaini hawatagundua mpaka likizo. Sasa wengi wanatishia kuhamia ile shule mpya ng'ambo ya barabara, yenye bwawa la kuogelea.

Mkuu, Bi Solveig, ni Mnorwe mpole ambaye upole wake hunitia baridi. Alisema bwawa hataki. Anataka wazazi watuamini tena, la sivyo mwakani hakuna shule. Akaniuliza mimi, makamu wake, kama naiweza kazi hiyo. Nikamjibu imani ndiyo fani yangu.

Lemma akakohoa. Huyu ni mkuu wa madarasa ya wadogo, na kikohozi chake ni cha dharau, nakijua. Kila asubuhi husimama getini akiwasalimia wazazi kwa majina na kuwauliza bibi zao wanaendeleaje na magoti. Hiyo nayo ni kazi? Hata mlinzi anasimama getini!

Jumatano, 6 Machi

Mkutano wa wazazi. Aibu. Mwaliko niliuandika mwenyewe: njooni saa tatu. Wenyeji wakaja saa tatu ya Addis, yaani asubuhi, kama watu timamu. Mimi nilikuwa kwa kinyozi nikijiandaa kwa ajili ya alasiri. Maana kwa wazazi wa kigeni saa tatu yao ni saa tisa yetu, na Mkuu naye ni mgeni, nikafikiri tufuate yake. Alasiri wageni wakaja. Mimi sipo! Nilikuwa nazunguka mjini kuwaomba radhi wale wa asubuhi.

Kila kundi lilikuta viti vitupu na meza ya bisi. Kila kundi limeamua uongozi umejificha.

Bi Tsehaynesh, mwenyekiti wa wazazi, akapiga simu. Mama huyu ana mashamba ya waridi na sauti ya kutosha kuyamwagilia. Nikasema kosa ni la saa.

"We Mekbib," akafoka, "juzi mmefuta somo, leo mmejifuta wenyewe?"

Akakata kabla sijatoa jibu. Nilikuwa nalo zuri sana.

Alhamisi, 7 Machi

Wazo limenijia nikioga. Mpira! Walimu dhidi ya wazazi, Jumamosi, na sisi tunafungwa makusudi. Nani aliwahi kumchukia mtu aliyemfunga mabao matano? Mzazi akishinda atafurahi, akifurahi atasahau Kiamhari. Nimewaita walimu pembeni nikawaamuru wacheze vibaya. Mwalimu wa michezo kidogo alie.

Lemma akauliza kama si rahisi zaidi kuwaambia wazazi ukweli. Nikamcheka mbele ya watu. Ndiyo maana hapandi cheo. Mkuu sijamwambia chochote, tusije tukamchosha na mambo ya ufundi.

Jumamosi, 9 Machi

Leo lazima niandike.

Uwanja ulijaa. Mimi kipa, kwa kuwa kufungwa kunahitaji akili. Dakika za mwanzo mshambuliaji wa wazazi, Demerew, wakili mwenye kitambi cha heshima, akabaki na mimi tu. Nikamwachia goli lote. Akautoa nje! Nikadhani ni bahati mbaya. Mara Bwana Yun, baba Mkorea, beki mzuri kabisa, akageuka akajifunga. Akainama kutuomba radhi. Akajifunga tena.

Walimu wakapata hofu: tunashinda! Mwalimu wa hesabu akakimbiza mpira hadi golini kwetu, akafunga kwa ustadi ambao hajawahi kuuonyesha darasani. Wa sayansi akafuata. Mbili kwa mbili, na hakuna aliyefunga goli la mwenzake! Watoto pembeni wamechanganyikiwa. Binti wa Demerew akapiga kelele, "Baba, goli liko huku!" Demerew akajifanya hasikii.

Tukaenda penalti. Karibu zote nje. Moja ilitambaa kuelekea kwangu polepole kama kinyonga. Nikaruka upande usiofaa, nikateleza, ikanigonga makalio ikarudi uwanjani. Watu wakashangilia kipa hodari! Sijawahi kufedheheka kwa ushindi kiasi hicho.

Hapo Bi Tsehaynesh akaingia uwanjani, akaukwapua mpira, akaubana kwapani. "Jamani, mnacheza au mnaogopana?"

Demerew akakiri yeye ndiye aliyewaambia wazazi wasishinde: ukimfunga mwalimu Jumamosi, mwanao atafungwa kwenye mtihani. Lemma naye, bila kuulizwa, akasema na sisi tuliamriwa tufungwe. Akanitazama. Wote wakanitazama. Nikajishughulisha na kamba za viatu.

Kicheko kilianzia kwa Bwana Yun, kikamshika Demerew, kikazunguka uwanja mzima. Mkuu peke yake hakucheka. Akawaambia wazazi kwamba alifuta Kiamhari bila kuwauliza kwa sababu aliogopa wangekataa. Alikosea. Somo litarudi, na safari nyingine atawauliza kwanza.

Bi Tsehaynesh akasema leo bado hajatuamini, ila atakuja Jumanne kuona kama somo lipo. Kisha akampa Mkuu mkono. Kahawa ikachemshwa palepale. Mimi nikapewa kikombe cha mwisho, chenye machicha.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari tangu nilipotoka kanisani. Familia tatu zimempigia Mkuu kusema hazihami. Demerew kajitolea kufundisha mdahalo. Na yote haya kwa nini? Kwa sababu Mkuu aliomba radhi! Kumbe siri ndiyo hiyo. Watu hawataki bwawa wala mabao, wanataka kuombwa radhi. Lemma na salamu zake zote za getini hakuligundua hilo.

Tatizo ni kwamba kosa la Kiamhari limekwisha kutumika. Tunahitaji jipya. Kesho nitafuta masomo ya muziki, kimya kimya, mtu yeyote asijue. Kesho kutwa, Bi Tsehaynesh akifika, nitasimama mbele yake na kuungama. Machozi nimeshaanza kuyafanyia mazoezi kwenye kioo. La jicho la kushoto linakuja vizuri.