Zamu ya Diski ya Akiba

Jumatatu, 3 Novemba 2003
Nimeingia! Miezi nakaa getini pa chama cha wakulima wa zabibu, Nkuhungu, nikingoja mfanyakazi augue. Leo mfagiaji Nikodemo, kibarua tu, kaumwa tumbo, nikapewa ufagio wake. Meneja kasema mwenzangu akipona wiki hii tufagie wote wawili, Ijumaa ataajiri mmoja. Nikiajiriwa namleta mke wangu Loisi kutoka Kibondo. Nisipoajiriwa, Loisi kasema nisirudi kumwonyesha sura.

Jumanne, 4 Novemba
Dada Evodia, fundi wa kompyuta, kanikataza kugusa mashine kubwa. Nikamwuliza zile droo nne za mbele ni za nini. Diski, kasema. Tatu zinashirikiana, moja ikifa kumbukumbu hazipotei. Ya nne ni ya akiba, inangoja mwenzake afe. Linux, programu inayoendesha mashine, yenyewe inaipa kazi.
Nimeitazama. Taa za wenzake zinapepesa, yake kimya. Inakula umeme bure! Nikodemo, aliyepona upesi mno, kacheka kwamba hiyo ni ndugu yangu kabisa, kazi yake kukaa getini. Mshenzi.

Jumatano, 5 Novemba
Nimepata akili. Kwetu tukilima, aliyechoka anakaa kivulini, mwingine anashika jembe. Zamu! Meneja akiona nimepumzisha diski zake, ajira yangu.
Evodia alipokwenda kunywa chai nikavuta droo ya kwanza. Mashine ikalia piii! Taa ya akiba ikaanza kupepesa kama kichaa. Imekubali kazi! Nikairudisha ile ya kwanza ndani ipumzike. Ikanuna. Nikavuta ya pili, nayo ipate zamu.
Taa zote zikatulia. Nikafurahi, zimepumzika zote.

Alhamisi, 6 Novemba
Balaa. Evodia kanieleza kama anayefundisha mbuzi. Ya akiba ilikuwa bado inajijazia kumbukumbu za aliyetoka, kazi ya saa kadhaa, nami nikang'oa nyingine kabla haijamaliza. Na ile niliyoirudisha haijiungi mpaka iamriwe. Nikamwuliza, kama haikuwa tayari, mbona iliwasha taa kwa mbwembwe? Katoka nje.
Kanda ya nakala ya wiki iliyopita imeokoa mengi. Vipimo vya kilo za kila mkulima za wiki hii vimekwenda, na zabibu zenyewe zimeshakamuliwa. Wakulima wamejaa uani. Nikamwamkia bibi mmoja, Zipora, shikamoo. Kaitikia marahaba mjukuu wangu, kisha kauliza kwetu ni wapi, na basi la kwenda huko linaondoka lini.

Ijumaa, 7 Novemba
Nikodemo kaajiriwa. Mimi hata getini sitakiwi. Kanisindikiza, eti pole, ndugu diski.

Jumatatu, 10 Novemba
Kazi mpya! Utingo kwenye lori la Mzee Seth. Tumesimama Buigiri na shehena ya mahindi, mzee kaenda kula. Kaniambia nisiguse kitu. Lakini chini ya bodi kuna tairi la akiba, jipya, halijaonja barabara, na wenzake wanateseka! Nimemwandikia Loisi afungashe.
Nati za tairi la mbele nimeshalegeza. Jeki siioni, si kitu. La nyuma nalo naona limechoka. Spana ninayo mkononi, nalianza hilohilo.