Kiota Chini ya Kiti cha Mama

Alhamisi, 2 Aprili 2015
Nimelifunua gari la marehemu baba. Zambarau, Bikira wa Guadalupe kachorwa kwenye boneti. Fahari ya mji wetu, Española! Halijaguswa tangu Oktoba. Nikafungua mlango: harufu! Chini ya kiti cha mama, kiota cha panya, na vinyesi vimetapakaa. Jumapili ya Pasaka mama hukaa hapo, tunapita mjini polepole, watu wanatupungia. Binamu yangu Onofre ana gari jekundu na miaka yote anatamani mama apande lake. Asijue!

Ijumaa Kuu, 3 Aprili
Dada Eloisa, nesi, kapiga simu, nikamtajia kiota. Panya wa huku wana virusi vya kuua mapafu. Nisifagie pakavu. Niingize hewa kwanza, nivae glovu na barakoa, niloweshe kwa maji ya klorini, nisubiri, ndipo nifute. Nikamwambia nimeshafanya. Uongo! Klorini ibabue mahameli ya viti vya baba? Nikafunga gereji, nikawasha mashine ya kupeperushia majani makavu, nikaielekeza chini ya kiti. Vumbi tele. Kugeuka, mama kasimama mlango wa jikoni na bakuli la kapirotada, ile pudini ya mkate ya Kwaresima, anakohoa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumamosi, 4 Aprili
Mama kauliza mbona namshika paji la uso kila saa. Nikasema ni mapenzi. Sina haya.

Jumapili, 5 Aprili
Nje ya kanisa. Mama kapanda, kapiga chafya. Eloisa akamulika chini ya kiti, akaona vinyesi vikavu vimebaki.
“We Filiberto! Hivi ulilowesha kweli?”
Nikakiri, hadi mashine. Umati mzima unasikia. Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.
“Baba yako alikuwa mbishi, mwanangu, lakini hakuwa mwongo.”
Akashuka, akapanda kwa Onofre. Eloisa kasema kwa wiki nane, homa au maumivu ya misuli yakimpata yeyote kati yetu, mbio hospitali, na tuwatajie panya. Nikafuata nyuma peke yangu. Hakuna aliyenipungia. Nililia kwenye taa zote tatu za barabarani.

Jumanne, 7 Aprili
Mama mzima, namshukuru Mungu. Eloisa kanisimamia asubuhi nzima: glovu, barakoa, klorini, mifuko miwili. Kaagiza boneti ishinde na kulala wazi, maana panya hupenda giza na joto. Mtaa mzima hufanya hivyo, hata Onofre. Alipoondoka tu nikaifunga. Ikikaa wazi, si watu watajua nina panya?