Nguzo ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Boti yangu bado iko uani, imeziba mlango wa jiko. Leo mama watoto kaipanda na sufuria mkononi. Kateleza. Mchuzi wote ndani ya boti! Hukumu imetoka: ifikapo Jumapili boti iwe majini, la sivyo tuhame wote wawili, mimi na boti yangu. Majini wapi, jamani? Gati lina nguzo sita za kufungia boti, na wenye boti tumejaa tele. Kinyozi, jirani yangu, anajigamba kwamba yeye hakosi. Tutaona. Sikuzaliwa jana.

Jumanne, 4 Machi
Kikao cha wenye boti. Mwenyekiti, mkunga mstaafu asiye na mchezo, katangaza utaratibu wa haki. Jumamosi kila mtu ataingiza mkono chunguni atoe haragwe moja. Jekundu, umepata nguzo. Jeupe, pole. Wazee watatangulia, na nguzo mbili ni zao peke yao. Wazee wenyewe wa kuhesabu! Akili ikaniwaka. Nikasimama, nikasema boti ni ya mama mkwe, mimi mpiga makasia tu. Mwenyekiti akaniuliza kama nina hakika. Nikaapa mbele ya umati. Raha iliyoje!

Alhamisi, 6 Machi
Nimemweleza mama mkwe. Akauliza, kwa hiyo boti ni yake? Nikamwambia ni ya mdomoni tu, mama. Akatabasamu, akaendelea kumenya vitunguu. Mchana mazoezi: kuficha haragwe jekundu kiganjani. Limeniponyoka, likatumbukia kwenye chai, nikalimeza. Si kitu, jikoni yamejaa.

Jumamosi, 8 Machi
Salaale! Nimeomba kutoa kwa niaba ya mama mkwe, eti magoti yanamsumbua. Mwenyewe akayatazama magoti yake kwa mshangao. Nikazamisha mkono, nikauinua juu, nikapaza sauti: jekundu! Kumbe panya walikula maharage ya Mwenyekiti, naye kaweka vifungo vya shati! Gati zima likaangua kicheko. Kinyozi alilazimika kukaa chini. Mwenyekiti akaniambia haragwe langu nikalipike, mwenye boti atoe mwenyewe.

Mama mkwe akakunja mkono wa gauni, akatoa kifungo. Chekundu! Niliruka, nikamkumbatia Kinyozi bila kutazama ni nani. Nikapiga kelele kwamba tumepata nguzo. Mama mkwe akanisahihisha: yeye ndiye aliyepata.

Jumapili, 9 Machi
Boti majini! Mama mkwe mbele na mwavuli, mashoga zake nyuma, wanaimba. Makasia, mimi. Mama mkwe akisema kushoto, naenda kushoto. Kinyozi alikosa nguzo, nikafurahi hadharani. Mama mkwe akamwonea huruma, akamruhusu afunge boti yake ubavuni mwa yetu! Nikalalamika. Akaniuliza kwa upole boti ni ya nani. Niliapa mbele ya umati, niseme nini? Lakini sitaficha, nimecheka siku nzima mpaka mbavu zinauma. Nyumbani mama watoto anafagia ua mtupu, naye anaimba.

Jumatano, 12 Machi
Nimenunua boti nyingine! Ndogo, inavuja kidogo tu. Iko uani, imeziba mlango wa jiko. Mama watoto hajarudi kutoka sokoni. Nguzo? Hilo nimeshalimaliza. Mama mkwe ana dada mkubwa, nami nimemwomba awe mwenye boti, wa mdomoni tu. Kakubali hata kabla sijamaliza kueleza.