Mtu Wake Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimemnyoa Mheshimiwa! Mimi! Kwa mikono hii hii! Kinyozi wake anaumwa, ndipo Mheshimiwa akaingia kibandani kwangu, walinzi wakabaki mlangoni. Mtu huyu akikohoa, chama kizima kinapata mafua. Akikushika mkono jukwaani, udiwani ni wako. Nikasema bahati haibishi hodi mara mbili. Povu likiwa bado shingoni mwake, wembe nimeuinua, nikamweleza kwamba nagombea udiwani kwenye mchujo wa chama, Jumamosi. Akautazama wembe. Akasema, “Wewe ndiye mtu wangu.” Nusura nilie.

Jumanne, 4 Juni
Nimewatangazia wateja wote. Shemeji, muuza nyama, naye anagombea kiti hicho hicho. Tangu nimwoe dada yake hajanisamehe. Kacheka mpaka kashikilia meza. Eti Mheshimiwa alimwambia yeye maneno hayo hayo, akichaguliwa maini buchani kwake! Wivu ni ugonjwa. Mama watoto akaniuliza kama nimemsikia vizuri kaka yake. Nikamwambia siasa ni nzito.

Alhamisi, 6 Juni
Mkutano uwanjani. Nimevaa suti ya harusi, nimebana pumzi ili ifungike. Mpango: nisimame kulia kwa Mheshimiwa, mkono wake unikute tayari. Magari meusi, honi, vumbi. Alipopanda jukwaani uwanja wote ukanyamaza. Hata watoto wachanga! Nikasukumana na Shemeji mpaka nikampita. Nikanyoosha mkono. Mheshimiwa akavua koti, akalitundika kwenye mkono wangu huo. Kisha akainua mkono wa Shemeji upande mmoja, wa fundi seremala, naye mgombea, upande wa pili, akawaonya wajumbe wasithubutu kumpa kura mgombea wa nne, Mkunga wa mtaani kwetu, eti mwanamke mbishi.
Halafu nikaelewa. Ananificha! Wale ni chambo tu. Akili iliyoje! Mama watoto anasema nimegeuzwa msumari wa ukutani. Hajui siasa.

Jumamosi, 8 Juni
Kashinda Mkunga! Wajumbe wanasema wamechoka kuchaguliwa watu, tena nusu yao walizaliwa mikononi mwa mama huyo. Mimi nimepata kura yangu. Shemeji kapata mbili, sasa anatembea kifua mbele. Mama watoto, ambaye naye ni mjumbe, hataki kusema alimpigia nani. Ila kigelegele cha kwanza ukumbini kilikuwa chake.
Lakini ukubwa nimeuona leo! Matokeo hayajamalizika kusomwa, Mheshimiwa huyo mbele, kauinua mkono wa Mkunga, anasema alimjua tangu mwanzo kuwa ndiye. Mkunga akauchomoa mkono taratibu. “Ahsante, baba. Nitauinua mwenyewe.” Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mheshimiwa akacheka nao, akapiga makofi kuliko wote. Hakupepesa hata kope! Mwingine angekufa kwa aibu.

Jumapili, 9 Juni
Nimemvizia getini kwake tangu asubuhi. Gari lilipotoka nikakimbilia dirishani, nikainama, nikamwuliza kwa sauti ya chini tunapanga nini sasa. Akanitazama usoni. Akauliza, “Wewe nani?” Kioo kikapanda, gari likaondoka.
Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi kwa furaha. Dereva anasikia, mlinzi anasikia, naye hakuteleza hata neno! Jicho kavu! Kumbe mipango aliyonayo juu yangu ni mikubwa kiasi kwamba hata mimi mwenyewe bado hapaswi kuniambia.
Kesho nachukua fomu ya kugombea uenyekiti wa tawi la chama.